Lori la Petroli Likipinduka, Tukimbilie Wapi?

Lori la mafuta likipinduka karibu na mtaa wako utaona watu wengi wakikimbia. La ajabu ni kwamba wengi wao watakuwa wakilikimbilia.

Ndivyo ilivyokuwa Msamvu, mjini Morogoro, asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti, 2019. Lori lililosheheni petroli lilipinduka kando ya barabara kuu, wananchi wakajitokeza na ndoo na madumu. Moto ulipolipuka uliwakumba wachotaji, watazamaji na wapita njia bila kuchagua. Taifa liliomboleza siku tatu. Majeruhi waliendelea kufariki hospitalini hata idadi ya marehemu ikapita 100. Yalikwisha kutokea hayo Sachangwan, nchini Kenya, Januari 2009, na Sange, mashariki ya Kongo, Julai 2010, ambako waliokufa walizidi 200.

Wapo waliowaita marehemu wale wezi. Mimi siafiki. Mafuta yanayotiririka mtaroni huonekana kama mali isiyo na mwenyewe, na kwa kijana anayeendesha pikipiki ya kukodi, dumu moja ni posho ya siku kadhaa. Lililowaponza zaidi ni kutoambiwa mapema kwamba kinacholipuka si yale maji-maji yanayochotwa, bali ni mvuke wake.

Wakazi wa Morogoro huyaona mawingu ya alfajiri yakishuka kutoka Uluguru na kulala mabondeni. Mvuke wa petroli huenenda vivyo hivyo, ila huu hauonekani. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Hutambaa chini, hujaza mitaro na mashimo, huingia vibandani. Hewa ikishakuwa na sehemu mbili tu katika mia za mvuke huo, cheche moja yatosha. Cheche hiyo yaweza kutoka katika jiko la mama lishe aliye mbali kabisa na lori, katika sigara, au katika pikipiki inayowashwa. Taarifa kadhaa za Msamvu zilimtaja mtu aliyejaribu kung'oa betri ya lori lile. Waya wa betri ukichomolewa hutoa cheche, na tena tumboni mwa betri mna asidi ya salfa, ambayo huunguza ngozi.

Basi kimbilia upande upepo unakotoka, tena upande mwinuko, kamwe usishuke bondeni. Mita hamsini hazitoshi: tangi likishika moto, miongozo ya waokoaji hutaka watu wakae umbali wa mita 800 kila upande. Ukishafika mbali ndipo upige simu namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Hata hivyo si kila tangi ni la petroli. Tazama vibao vya mraba vilivyosimamishwa kwa pembe. Chekundu chenye mwali ni cha vitu vya kuwaka. Cheupe juu na cheusi chini, chenye matone yanayokula mkono na chuma, ni cha vitu vya kuunguza mwili. Ukiviona vyote viwili pamoja, ujue mzigo huo una maovu yote mawili. Mfano ni asidi ya asetiki, itumikayo katika viwanda vya nguo na ngozi. Siki ya kachumbari ni asidi hiyo hiyo iliyozimuliwa kwa maji mengi. Isipozimuliwa hutoboa ngozi, na joto likifika nyuzi 39 hivi mvuke wake huweza kushika moto. Pipa la chuma lililoachwa juani mchana wa kiangazi hufikia joto hilo bila shida.

Aliyerukiwa na asidi avuliwe nguo upesi, amiminiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, macho kadhalika, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Lakini petroli inayowaka usiimwagie maji, kwa kuwa huelea juu yake na kuupeleka moto kwa jirani. Zimamoto huizima kwa povu.

Na dumu likiwa limekwisha kuingia nyumbani? Kama limefungwa vema, litolewe nje, mbali na kila jiko, liwekwe kivulini. Kama limemwagika ndani, mama, baba na watoto watoke mara moja, milango iachwe wazi, na mtu asiguse swichi ya taa, hata kwa kuizima. Lisimwagwe chooni wala mtaroni. Aliyelowa petroli asikaribie jiko. Avue nguo huko huko nje, aoge kwa maji mengi na sabuni, na nguo zile zibaki nje.