Zamu ya usiku: mzigo wa polisi ulio pia wa jamaa zake

MJADALA kuhusu maslahi ya polisi nchini aghalabu huishia kwenye mshahara na nyumba. Saa za kazi, hasa zamu ya usiku, husahaulika.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 humhesabu afisa kuwa kazini wakati wote. Hivyo, aliyekesha lindoni aweza kuitwa tena adhuhuri. Nyumbani, watoto hunyamazishwa mchana kutwa ili mzazi apate lepe la usingizi.

Hali hii ilichukua sura mpya Septemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kuwa polisi wangepewa marupurupu ya nyumba na kuishi miongoni mwa raia. Waliohama waliepuka fedheha ya familia mbili kugawana chumba kwa pazia. Hata hivyo, kambini jirani alijua maana ya zamu, na mtoto akiugua usiku palikuwa na wa kubishiwa hodi. Katika nyumba ya kupanga, mke wa afisa hubaki peke yake.

Majopokazi ya Jaji Philip Ransley (2009) na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga (2023) yaliangazia mazingira duni ya kazi ya polisi. Lakini afisa hana chama cha kumtetea, wala hawezi kugoma. Wakubwa wake ndio wa kuchukua hatua: ratiba itangazwe mapema, na mapumziko yasikatizwe pasipo dharura.

Askari asiyelala, naye ana bunduki, ni hatari kwake, kwa jamaa zake na kwa raia anaowalinda.