Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: HGK na HKL nazo hufika hospitalini

Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hushughulika na yale ambayo dawa haiyafikii. Ndiye anayepima kama mgonjwa anastahili msamaha wa matibabu, anayetafuta ndugu wa mzee aliyetelekezwa wodini, anayezungumza na binti aliyeletwa na fomu ya polisi ya PF3 ilhali aliyemuumiza ni mlezi wake, na anayeiandaa familia kumpokea nyumbani mgonjwa wa kiharusi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa pia wajibu wa kisheria wa kumlinda mtoto. Kazi hii ni sehemu ya tiba, na anayeifanya si lazima awe amesoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, na vyuo vikuu kadhaa huwapokea waliosoma tahasusi za historia, jiografia, Kiswahili na Kiingereza, yaani HGK, HGL na HKL. Hata hivyo, wakati wa kujaza fomu ya kuchagua tahasusi (selform), mwanafunzi anayetaka kuhudumia wagonjwa hutajiwa udaktari, uuguzi na famasi tu. Akikosa alama za sayansi, huambiwa hospitali si mahali pake tena, kisha hupelekwa kwenye masomo ya sanaa kama mtu aliyeshindwa. Hapo ndipo kosa lilipo, maana masomo hayo ndiyo yanayoibeba kazi hii.

Historia ya taaluma yenyewe inalionyesha hilo. Mwaka 1895 Mary Stewart alianza kazi katika Royal Free Hospital ya London, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuchunguza ni nani kweli hawezi kulipia matibabu. Miaka kumi baadaye, katika Massachusetts General Hospital ya Boston, daktari Richard Cabot alianzisha huduma ya ustawi kwa hoja pana zaidi: maisha ya mgonjwa nje ya hospitali yana nguvu juu ya kupona kwake, kwa hiyo daktari asiyeyajua hutibu nusu. Hoja zote mbili zinakutana leo kwenye meza ya ofisa ustawi wa Tanzania. Baada ya miaka mingi ya matibabu bila malipo, uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali mwaka 1993, ukiambatana na misamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, watu wasio na uwezo na makundi mengine. Mzee wa miaka 75 anayefoka dirishani kwa kuambiwa alipie kipimo si lazima awe mkorofi. Ujana wake wote aliishi katika nchi iliyomtibu bila kumdai. Ofisa aliyeisoma historia hiyo ataanza mazungumzo mahali pengine kabisa.

Sosholojia nayo hufundisha kuuliza nani ana kauli nyumbani. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba kuhusu mtoto laweza kuwa zito kuliko fomu ya hospitali inavyodhani. Jiografia hueleza kwa nini mkulima hukosa kliniki msimu wa kupanda.

Lakini somo linalodharauliwa kuliko yote ni Kiswahili. Mwanachuo hufundishwa nadharia za unasihi kwa Kiingereza, kisha hukaa kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye hatatumia hata neno moja kati ya yale aliyoyakariri. Akiulizwa anaendeleaje, mgonjwa hujibu, “Namshukuru Mungu.” Jibu hilo laweza kuwa nafuu, adabu, uchovu au kukata tamaa. Mke anayesema “nimezoea tu” huenda anaeleza miaka ya kipigo. Mgonjwa anayeaga mapema kwa kuwa “nyumbani kuna mambo” mara nyingi ameishiwa fedha na anaona haya kusema. Kuyasikia yaliyofunikwa hivyo kunahitaji mtu aliyezoezwa kusoma maana iliyo nyuma ya maneno, na zoezi hilo hufanyika katika darasa la fasihi na isimu kwa undani usiopatikana katika somo jingine. Kujua namna ya kumwita mtu, shikamoo kwanza, “mama” au “bibi” kabla ya swali lolote la kipato, nako ni ujuzi wa kazi.

Masomo hayo peke yake hayatoshi. Ofisa ustawi anapaswa kuelewa kisukari, saratani na ugonjwa wa akili kwa kiasi cha kuzungumza na daktari bila kupotea, ajue sheria, na afanye mafunzo ya vitendo wodini chini ya ofisa mzoefu, muda wa kutosha kuona mgonjwa akilazwa, akiruhusiwa na akirudi.

Kwa hiyo Wizara inaombwa mambo matatu. Maelezo ya tahasusi wanayopewa wanafunzi wa kidato cha nne yaitaje kazi ya ustawi wa jamii hospitalini waziwazi, ikiwa chini ya HGK, HGL na HKL. Walimu wa ushauri nasaha shuleni wapewe maelezo ya njia hiyo, kuanzia astashahada hadi shahada. Na mitaala ya vyuo vinavyofundisha ustawi wa jamii iwe na somo la mahojiano na mgonjwa linalofundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili.