Lenana kwa Wikendi Moja: Unauziwa Kilele, Lakini Kinachokatwa ni Siku

Hiyo posta ushaiona. Iko Instagram, iko TikTok, iko kwa status ya yule msee wa kazini ambaye siku hizi kila Jumatatu anashuka ngazi kama mzee wa miaka 80. Picha ni ya jua likichomoza, bendera ya Kenya, na mtu ameinua mikono juu ya mawe. Chini imeandikwa: Point Lenana, siku 3, usafiri na msosi ndani, nafasi zimebaki chache, tuma kitu kidogo kwa M-Pesa tukuwekee kiti.

Na form yenyewe ni safi, tusidanganyane. Kuna wakati wikendi ya kijana wa Nairobi ilikuwa na mambo mawili tu, klabu na kulala. Sai mbogi inaamka saa kumi usiku kwenda Ngong Hills, mwezi unaofuata inazunguka Longonot, halafu inalia machozi ikipanda Elephant Hill, na kabla ya mwaka kuisha inaanza kuulizia Lenana. Mlima uliobeba jina la nchi, ambao wengi wetu tuliujua kwa somo la GHC tu, umekuwa kitu unaweza kupanga na watu wa ploti. Hakuna mtu hapa amekuja kuwaharibia hiyo raha.

Lakini soma hiyo posta tena. Inakuambia bei, inakuambia chakula, inakuambia hadi rangi ya tisheti. Haikuambii utalala mita ngapi juu usiku wa kwanza na mita ngapi usiku wa pili. Hapo ndipo kuna maneno.

Chukua njia ya Naro Moru, ile watu hupenda juu ni fupi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Geti la Naro Moru liko kama 2,400. Usiku wa kwanza unalala Met Station, mita 3,050. Siku ya pili unapita ile matope wanaita Vertical Bog, ambayo itakula kiatu chako bila kuomba msamaha, na jioni unafika Mackinder's Camp, mita 4,200. Usiku huohuo, saa nane au saa tisa, unaamshwa kwenda kilele, mita 4,985. Piga hesabu: umeondoka keja Ijumaa jioni, na Jumatatu alfajiri mwili wako uko karibu mita 3,300 juu ya kitanda chako.

Madaktari wa milima wana sheria moja rahisi. Ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya kama mita 500 kati ya mahali ulilala jana na mahali unalala leo, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Kutoka Met Station hadi Mackinder's ni mita 1,150 kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Sirimon ina afadhali kidogo, kutoka Old Moses mita 3,300 hadi Shipton's mita 4,200, lakini bado ni 900.

Kwa nini hii ni noma? Juu ya Lenana, kila pumzi unayovuta inakupa zaidi kidogo ya nusu ya oksijeni ambayo ungepata ukiwa umekaa ufuoni Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, uko na akili hiyo, unaanza kupumua haraka na baadaye kuongeza damu. Lakini unataka muda, na muda huo haununuliwi na gym. Hapa ndipo vijana wengi hupotea njia. Kuwa fiti hakukukingi. Msee ambaye hukimbia kilomita 10 kila asubuhi Karura anaweza kuugua kabla ya mjomba mwenye kitambi, juu yule fiti anapanda haraka na mjomba anasimama kila kona kupumua. Mwendo wa mjomba ndio mwendo wa mlima.

Dalili za kwanza unazijua hata kama hujawahi kupanda: kichwa kinagonga, chakula hakishuki, usingizi hauji, unahisi kama hangover ya sherehe ambayo hukuenda. Hapo mtu akibaki palepale akapumzika, mara nyingi inaisha. Mbaya ni zile mbili zinazofuata. Moja ni maji kujaa kwa mapafu: unakohoa, unahema hata ukiwa umeketi, midomo inabadilika rangi. Nyingine ni ubongo kuvimba: mtu anaongea vitu haviingiani, anatembea kama mlevi. Mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, safari yake ya kilele imeisha na anafaa kushushwa sasa hivi, usiku ama mchana. Hizi mbili zinaweza kuua mtu ndani ya saa chache, na dawa kubwa ni moja, kushuka. Vidonge vya maumivu vinaficha kichwa tu. Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini hiyo uliza daktari kabla ya safari, si yule jamaa wa kiti cha nyuma.

Sasa weka huyo mtu mwenye kizunguzungu kwa sehemu ya mwisho ya mlima, tuone.

Kutoka Mackinder's unapanda kokoto ambazo kila hatua mbili zinakurudisha moja. Ndiyo maana watu hupanda usiku. Jua la asubuhi ni la picha, lakini pia kokoto zikigandishwa na baridi hushikana, na zikipata joto zinaanza kuteleza. Baada ya hiyo mateso unafika Austrian Hut, mita 4,790. Kibanda hicho kina historia. Mwaka 1970 daktari mmoja wa Austria alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya, na kumtoa kulichukua zaidi ya wiki nzima. Helikopta moja ilianguka na rubani wake akafa, mpaka waokoaji wakaletwa kwa ndege kutoka Austria. Mgonjwa alipona, na kibanda kikajengwa kama shukrani. Kila mara unapokunywa chai hapo, unakunywa ndani ya kumbukumbu ya jinsi ilivyo ngumu kutoa mtu mmoja kwa huu mlima.

Kutoka hapo njia inashika mgongo wa kusini magharibi wa Lenana. Ni kama mita 200 tu za kupanda, na mtu aliyezoea mwinuko anazimaliza kwa saa moja hivi. Lakini hapa mambo ya kutembea yanaisha na mambo ya mikono yanaanza. Unashika jiwe, unatafuta mahali pa mguu, unajivuta. Upande mmoja kuna mabaki ya barafu ya Lewis, ambayo kati ya 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake, na inaendelea kuisha. Karibu na juu kuna waya wa chuma na vyuma vya kukanyagia vilivyopigwa kwa mwamba. Mchana, mtu akiwa fresh, ni moja ya saa tamu zaidi unaweza kuishi ndani ya hii nchi. Huhitaji kamba, huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kichwa kinachofanya kazi na mikono inayohisi.

Na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo mwinuko na baridi vinachukua kwanza. Saa kumi na moja alfajiri, glavu ni zile za kuendesha bodaboda, vidole havisikii chuma, jiwe limepakwa barafu nyembamba ambayo tochi haiioni, na nyuma yako kuna foleni ya watu 15 wanaotaka picha kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Hapo ndipo utasikia lile neno hatari zaidi mlimani: "Umekaribia, jikaze." Aliyekuambia si mtu mbaya. Anajua basi linaondoka saa ngapi. Anajua pia kuwa ukirudi chini, lazima mwelekezi mmoja arudi na wewe, na kikundi kiko na waelekezi wawili tu.

Ndiyo maana nasema mgongo wa Lenana hauna shida. Shida ni kuufikia ukiwa tayari umeisha, halafu ukumbuke kuna kushuka, na kushuka mawe kwa miguu inayotetemeka ndiyo kazi yenyewe.

Kitu kingine ambacho hakuna posta inasema ni kalenda. Sisi hupanda wakati mdosi ametupa likizo, yaani Pasaka, Madaraka, Mashujaa, Jamhuri. Mlima Kenya nao una ratiba yake. Miezi mikavu ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba. Pasaka inaangukia masika. Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, inakaribisha vuli. Hata ndani ya miezi mikavu kuna ujanja: mlima uko karibu kabisa na ikweta, upande wa kusini kidogo, kwa hivyo katikati ya mwaka jua liko kaskazini na upande wa kusini unakaa baridi na barafu, na Januari inageuka. Mgongo wa kutoka Austrian Hut unaopanda Agosti na ule wa Februari unaweza kudhani ni sehemu mbili tofauti.

Jamhuri yenyewe iko na msee wake. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alisimamisha bendera yetu hapo Lenana. Hiyo picha unayopiga na bendera ina baba yake. Lakini Munyao hakuwa amekuja kwa basi la Ijumaa jioni, alikuwa mpanda milima.

Ukitaka wa karibu zaidi, mtazame James Kagambi, Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 2022, akiwa na miaka 62. Sitini na mbili! Alikuwa amefundisha watu milima kwa miongo. Na Mei 2024 tukampoteza Cheruiyot Kirui hukohuko Everest, akijaribu kupanda bila mtungi wa oksijeni, na Nawang Sherpa aliyekuwa naye pia hakurudi. Mtandaoni watu waliuliza maswali mengine ya kishamba, ati alikuwa anatafuta nini huko. Kirui alijua hatari aliyoichagua na aliijenga kwa miaka. Msichana wa miaka 22 aliyelipia siku 3 hajachagua hatari yoyote. Hakuna mtu amemwambia ipo.

Sasa tuongee doo, juu hapo ndipo hii kitu inatengenezwa. Ada ya hifadhi ya KWS inafuata siku utakazokaa. Chakula ni kwa siku. Mpagazi na mwelekezi wanalipwa kwa siku, na kibanda ni kwa usiku. Anayeuza safari akitaka bei yake ishinde ya jirani, hana mahali rahisi pa kukata isipokuwa siku. Anakata ya tano, jirani anakata ya nne, na mwishowe soko zima linauza siku 3 kama kitu cha kawaida. Na kama siku zimeshafika mwisho, kinachofuata kukatwa ni mwelekezi wa ziada na malipo ya yule kijana wa Naro Moru au Chogoria aliyekubebea gesi na hema.

Maoni yangu: KWS wanaweza kugeuza hii biashara bila kujenga hata choo. Kwa raia, usiku wa kupumzika mlimani uwe bure. Lipia siku tatu, ya nne usilipe, mradi umeilala juu ya mita 3,000 kabla ya kujaribu kilele. Hapo anayekata siku hatakuwa anaokoa pesa ya geti tena. Na kila posta iandike, kwa maandishi makubwa kama ya bei, mita za kila usiku. Serikali inalazimisha pakiti ya sigara ijieleze, sioni kwa nini safari ya karibu mita 5,000 isijieleze.

Mpaka hiyo ifike, kabla ya kutuma hiyo chapaa, muulize mwenye posta maneno manne. Tunalala wapi kila usiku na ni mita ngapi? Waelekezi ni wangapi kwa watu wangapi, na mmoja akishuka na mgonjwa, nani anabaki na wengine? Nikisema nimechoka saa nane usiku, kuna mtu wa kukaa na mimi kambini? Na bei ya siku 5 ni ngapi?

Buti na koti zito zitafute Gikomba ama Toi, utapata za maana kwa bei ya pizza mbili. Glavu nunua za ukweli. Ile pesa umeokoa kwa mtumba iweke kwa usiku mmoja zaidi pale Mackinder's. Mchana wake panda pole hadi karibu na Austrian Hut, uangalie huo mgongo ukiwa na mwanga, halafu urudi chini ulale.