Nane Nane Tunaenda Kuonja Tu?

Ukitaka kuwajua wanachuo pale Nzuguni, Dodoma, siku za Nane Nane, usihangaike kutafuta vitambulisho. Angalia nani anazunguka mabanda ya wajasiriamali na kijiti mkononi. Anaonja asali hapa, achari pale, karanga kule, anasema "tutarudi, mama," halafu ndiyo imetoka hiyo. Silaumu. Agosti bumu lilishakwisha zamani. Shida yangu ni kwamba hata tukiwa na hela, tunawakagua wale wazalishaji wadogo kwa macho tuliyofundishwa na matangazo ya viwanda vikubwa, na mara nyingi tunaikataa bidhaa kwa sababu ni halisi.

Chukua asali. Mwaka jana nilikuwa BTP Dodoma, nikaenda viwanjani na wenzangu wawili. Kwenye banda moja nilimkuta mama mmoja wa Manyoni anayeuza asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo. Nilipomwamkia akanipa kigoda, na kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka nikakaa kama nusu saa hivi. Muda wote huo hakuwa anauza, alikuwa anajitetea. Huyu anamwambia asali imeganda, kwa hiyo ameweka sukari. Yule anaishika chupa ya nyuki wadogo, anaitikisa, anasema hii imetiwa maji. Kijana mmoja mwenye fulana ya chuo (sitakitaja) akaomba kiberiti ili aichovye njiti na kuiwasha, eti kama asali ni safi itawaka.

Jamani, sisi ndio wasomi. Asali ina sukari za aina mbili kubwa, glukosi na fruktosi, na glukosi ndiyo inayoganda, hasa kukiwa na baridi. Usiku wa Dodoma mwezi wa saba na wa nane mnaujua wenyewe. Ikiganda, unaiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, inarudi. Ya nyuki wadogo kwa asili yake ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, ndiyo maana ni nyepesi na ina uchachu kidogo. Na njiti ya kiberiti haipimi sukari ya dukani iliyochanganywa ndani. Haya si mambo ya maabara kubwa, ni kemia na baiolojia ambayo wengi wetu tutaingia darasani kuifundisha.

Kilichoniuma ni alichoniambia yule mama watu walipopungua. "Mwalimu, nikiona chupa inaanza kuganda naitoa mbele, naificha chini ya meza. Wateja wanaikimbia." Akaongeza kwamba wapo wenzake wanaoichemsha kabisa ili ikae nyororo muda mrefu, na hao ndio wanaouza haraka. Sasa fikiria hapo. Joto kali linaua vimeng'enya vya asali na kupoteza harufu yake. Yaani sisi wanunuzi, kwa kutojua kwetu, tunamlipa anayeiharibu na kumwadhibu aliyeiacha kama nyuki walivyoitengeneza. Hakuna ruzuku wala semina itakayomsaidia yule mama kama soko lenyewe linamfundisha kuharibu.

Mafuta ya alizeti ni hivyo hivyo: yakiwa na rangi iliyokolea na mashapo kidogo chini, tunayaona machafu, tunakwenda kuchukua yale meupe yaliyosafishwa kiwandani. Nchi bado inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje, na alizeti ya Singida na Dodoma iko hapa hapa.

Ila banda lililonifurahisha zaidi lilikuwa la mlenda. Ndiyo, mlenda. Wagogo wamekausha majani yake na kuyasaga tangu enzi, yavunwe wakati wa mvua yaliwe kiangazi. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimeufunga unga wake kwenye pakiti ndogo zenye lebo na maelekezo ya kupika. Mtu anayeishi hosteli, asiye na friji, anahitaji nini zaidi ya mboga inayokaa miezi kabatini? Lakini wenzangu walicheka. Ingeitwa supu ya unga na kuandikwa Kizungu tungeipiga picha.

Najua kuna wanaochakachua, na usafi si jambo la kubembelezana. Kwa hiyo uliza alama ya TBS. Uliza anakausha wapi, anafungia wapi, amepitia SIDO au la. Mwenye kazi safi hakasiriki akiulizwa. Yule mama wa Manyoni alinitolea makaratasi yake kabla sijamaliza swali.

Sasa nije nyumbani. Kila mwaka serikali yetu ya wanafunzi inapokea mwaka wa kwanza kwa maboksi ya juisi na biskuti. Kwa nini isiwe karanga, korosho, ubuyu na zabibu kavu kutoka kwenye vikundi hivi? Nimeshauliza, nikajibiwa kuwa hawana risiti za EFD na hawawezi mzigo mkubwa. La mzigo ni la kupanga: ukimwambia mtu mwezi wa nane kwamba unahitaji pakiti elfu moja mwezi wa kumi na moja, vikundi vitatu vinagawana. La risiti ni gumu kweli, lakini vipo vikundi vilivyosajiliwa vyenye TIN na mashine. Tuanze na hivyo, hata kwa robo ya bajeti.

Waziri wa fedha wa wanafunzi, bajeti ya wiki ya mwaka wa kwanza inapitishwa lini? Namba za vikundi vitatu ninazo.