Waya Usiobeba Sauti

Sifa za studio ya redio hupewa maikrofoni, lakini nidhamu yake hulindwa na nyaya zisizobeba sauti. Mtangazaji afunguapo maikrofoni, rilei huvutwa: spika ya chumbani hunyamaza na taa nyekundu huwaka mlangoni. Isiponyamaza, sauti ya spika huirudia maikrofoni, hukuzwa tena na tena, na mlio mkali huzuka. Fundi naye humwagiza mtangazaji kwa kitufe kinachofanya kazi kikiwa kimebonyezwa tu. Maikrofoni ikiwa wazi, agizo hilo halina budi kuelekezwa kwenye hedifoni peke yake, lisije likasikiwa na taifa zima.

Kwa maoni yetu, somo la umeme shuleni lisiishie kwenye kuwasha balbu. Betri, rilei, swichi na balbu mbili vyatosha kumfunza mwanafunzi kwamba usalama wa mtambo hautegemei kumbukumbu ya binadamu, bali jinsi nyaya zilivyounganishwa. Mwalimu na aulize: waya wa rilei ukikatika, spika itanyamaza au itaendelea kusema? Anayeweza kujibu, na kupanga nyaya ili inyamaze, ameanza kufikiri kihandisi.