Maiti Hapigi Kura, Mheshimiwa

KIBARAZANI na Mwinyi Kombo

Jumamosi nilikuwa Rabai kumzika mgema wetu. Jeneza liko chini ya mwembe, mchungaji ameshafungua Biblia, mara magari matatu yakaingia na vumbi lake. Mheshimiwa akashuka, akapokonya kipaza sauti na kutangaza: "Sikuja hapa kupiga siasa."

Mkisikia maneno hayo, tafuteni kivuli.

Alisema dakika arobaini. Barabara, maji, mahasimu wake, mahasimu wa mkubwa wake. Marehemu alimtaja mara mbili, kwa majina mawili tofauti, na yote hayakuwa yake. Vijana wa nyuma wakapaza sauti "Wantam!", yaani muhula mmoja unatosha. Wa mbele wakajibu "Tutam!", yaani mihula miwili. Mjane akainamisha kichwa. Baadaye niliwaona vijana wote hao wamepanda pikapu moja.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Tafadhali, mtuache tuzike.

Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilitoa siku 70 za kampeni, Mei 29 hadi Agosti 6. Siku 70 za nini? Tangu wakubwa wa siasa zetu wapatane na kupeana mikono Machi 2018, makundi ya wanasiasa ya Tangatanga na Kieleweke yalikuwa yameshatuzungusha hadi kizunguzungu. Tume ilipopuliza kipyenga, mechi ilikuwa na miaka minne uwanjani. Japani kampeni rasmi za ubunge ni siku 12 tu, na kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura ni marufuku. Kwetu hodi inabishwa hadi kaburini.

Msiniambie eti kampeni ndefu humpa mwananchi nafasi ya kupima sera. Humfundisha kuzima redio. Mwaka 2013 walijitokeza karibu asilimia 86 ya waliojiandikisha. Agosti 2017, karibu 78. Mwaka 2022, 65 hivi; watu karibu milioni 8 hawakwenda kupiga kura. Wataalamu watawapa sababu kumi. Mimi inanitosha moja: tumekinai. Hata biriani, ukipakuliwa asubuhi, mchana na jioni kwa miaka mitano, siku ya harusi utaomba chai ya rangi.

Ushahidi wangu ni shemeji. Namdai mbuzi, na bado hajamleta. Mwaka 2013 alifika kituoni saa tisa za usiku, amebeba kigoda chake, na alimjua kila mgombea hadi wa udiwani. Jumamosi nilimnong'oneza:

"Shemeji, huyu anagombea nini?"

"Sijui, shemeji. Amekuja na maji?"

Alikuja nayo, chupa zenye sura yake zikitabasamu. Shemeji akachukua mbili. Moja akanywa, ya pili akanawia udongo wa kaburi, kisha akaitupa bila kuitazama.

Tukiwa njiani kurudi nikamkumbusha mbuzi.

"Baada ya uchaguzi, shemeji," akanijibu.