Boxer au TVS? Usinunue pikipiki kwa sikio



Kila wiki inbox lazima kuwe na mtu mwenye hela ya pikipiki mkononi anayeniuliza achukue Boxer au TVS. Wengi mko Shinyanga mjini, Kahama, Ushirombo, Katoro na Geita. Mnauza vyombo, mashuka, perfume, simu, viatu, na mmechoka kumlipa boda kwa kila oda. Leo najibu mara moja, na najua kuna watakaonuna.

Kama wateja wako wengi wako kwenye lami, chukua iliyo laini. Chukua TVS HLX 150 ile ya gia tano, achana na muungurumo.

Nasema muungurumo kwa sababu ndiyo ukweli wenyewe. Ukimuuliza mtu kwa nini anataka Boxer, mara tatu kati ya nne anakwambia "ina roho". Inasikika ikija. Ina kifua, ukiiachia klachi inaondoka na mzigo bila kuuliza. Ukipita nayo stendi vijana wanageuka. Sikatai, mimi mwenyewe naipenda ile sauti. Ila mteja wako wa Isaka hasikii sauti ya pikipiki yako. Yeye anafungua boksi anahesabu glasi, ziko sita au ziko nne na vipande.

Sijasoma umekanika, nimeishia form four, lakini hili halihitaji chuo. Pikipiki zetu hizi zote ni silinda moja. Pistoni moja inapanda na kushuka peke yake, haina mwenzake wa kuisawazisha, kwa hiyo mtikisiko lazima uwepo. Kadiri injini inavyozunguka haraka ndivyo mtikisiko unavyopanda kwenye fremu, kwenye keria, mpaka kwenye mzigo. Boxer nyingi za huku ni gia nne. Ukitoka Shinyanga ukapita Tinde, Isaka, mpaka Kahama, ni kama kilomita mia za lami, na ukishaweka ya nne huna pa kwenda tena, injini inalia njia nzima. Gia ya tano inaipumzisha: spidi ni ile ile, mizunguko imepungua. Mkono haufi ganzi, nati za keria hazilegei ovyo, na vifuniko vya perfume havijifungui vyenyewe. Mafuta nayo yanakwenda kwa nafuu, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei unajua hiyo nafuu ina maana gani.

Huu ubishi si wa kwetu tu. Marekani wanabishana miaka na miaka: kuna wa Harley-Davidson, kuna wa Honda Gold Wing. Harley ni silinda mbili za V, inatikisika na inanguruma, na wenyewe wanaipenda hivyo hivyo. Ile sauti ni mali kiasi kwamba mwaka 1994 kampuni iliomba isajiliwe kama alama yake ya biashara, ikaja kuondoa ombi mwaka 2000. Gold Wing yenyewe ni ya safari ndefu, injini yake imetulia mpaka wabishi wanasema haina ladha. Na kichekesho ni kwamba injini ya Gold Wing ndiyo inayoitwa boxer kwa lugha ya mafundi, silinda zake zimelala zinatazama huku na huku. Boxer yetu ya Bajaj ni jina tu, silinda ni moja. Sasa Mmarekani wa Harley anaendesha Jumapili kwa raha zake. Wewe umebeba dazeni tatu za sahani za watu walioshalipa.

Sasa wa machimboni msinirukie, nyinyi nawaelewa.

Kama wateja wako ni wachimbaji wa Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, au unaingia vijiji vya ndani kutokea Kakola, habari inabadilika. Kule gia ya tano utaiona kwa macho tu. Ni vumbi, mashimo, na mvua ikinyesha udongo wa mbuga unajaza matairi mpaka hayazunguki, unashuka unachokoa kwa kijiti. Na rashi haina anwani. Leo watu wako duara hili na hela ya kununua wanayo, mwezi ujao wamehamia pori lingine na wewe unawafuata. Kule unataka pikipiki inayovuta mzigo ikiwa polepole, na ikikata klachi, fundi wa chini ya mwembe awe ameshaifungua mara mia. Hapo Boxer ina haki yake, na haki hiyo inatokana na spea na mafundi. Muungurumo hauhusiki.

Kuna kitu kingine wengi hamkipigii hesabu, nacho ni dereva. Kama hutaendesha mwenyewe, muulize kijana wako anataka ipi kabla hujalipa. Kijana akipewa pikipiki anayoiona ya kizee haioshi, oili anasahau, mnyororo unalia mwezi mzima. Akipewa anayoipenda anaivisha kava, anaiwekea maua, anailinda kama mke. Ukimpa kwa mkataba ndiyo kabisa, maana siku moja itakuwa yake. Hii ndiyo sababu pekee inayonifanya nikubali mtu wa lami anunue Boxer. Na kuuza: Boxer ya mkononi inatoka haraka, siku ukikwama utapata mteja.

Lakini mtu wa Kahama anayeuza vyombo mwenyewe, anaendesha mwenyewe, anapeleka Shinyanga na Ushirombo, kisha ananiambia anataka Boxer kwa sababu "TVS imepoa mno"? Hapana ndugu yangu. Hiyo kupoa ndiyo unayoilipia.

Bei sitaji, zinabadilika na kila duka lina yake. Ninachokuomba, usitoe hela ya pikipiki kwenye hela ya mzigo. Nimeona wauzaji wazuri wana pikipiki mpya inang'aa mlangoni na shelfu tupu ndani. Kama hiyo hela ni mkopo wa kikundi, kaa kwanza na daftari lako, andika umemlipa boda shilingi ngapi kwa miezi mitatu. Ikiwa ni ndogo kuliko rejesho pamoja na mafuta, oili na tairi, endelea kulipa boda, na yeye ana familia.

Ukinunua ya mkononi, nenda na fundi wako, usitumie fundi wa muuzaji. Iwashe ikiwa ya baridi, maana injini iliyopashwa moto inaficha mengi. Linganisha namba ya chesisi na kadi, na umiliki uhamishwe TRA kwa jina lako, si kwa maneno. "Kadi nitakuletea kesho" ikisemwa, na hela nayo iende kesho.

Na hata uchukue ipi, keria ya dukani haitoshi. Chomelea ya chuma pana, tandika godoro la sponji chini ya boksi, funga kwa mipira ya tyubu miwili iliyopishana. Simu na perfume zikae katikati, nguo pembeni zizibe nafasi. Ukifika Tinde simama, kaza mipira upya, maana kufikia hapo itakuwa imeshalegea.

Wa SanLG na wa guta, yenu nitaiandika peke yake. Hesabu ya guta ni nyingine kabisa.